Neno Lililozaliwa Yatima

Nyumba za Wafanyakazi,
Hale,
Korogwe.
Jumapili, baada ya misa.

Kaka Benedicto,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, mkubwa anaamkiwa hata kama amekukera, na wewe umenikera kweli kweli. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Presha ya mama imetulia ingawa miguu bado inamvimba jioni. Mvua zimeanza, maji ya Pangani yamekuwa mekundu, na kazini mitambo ya umeme inazunguka kama kawaida. Natumaini wewe, shemeji Fatu na watoto hamjambo, na lile jino lililokuwa linakusumbua limepoa. Hayo nimeuliza kwa moyo kabisa. Yanayofuata nayo yanatoka moyoni, kwa hiyo tafuta mahali ukae.

Utashangaa kupata barua, maana siku hizi anayekuandikia barua ni benki au mahakama. Nifanyeje sasa? Namba yangu umeifungia. Kwenye grupu la familia umeandika, mbele ya mashangazi, mabinamu na watoto waliopewa simu juzi, kwamba Yusta ameiba mtoto, na kabla sijajibu neno ukaniondoa kwenye grupu. Hivi ndivyo mtu mzima anavyofanya? Nimemwomba shemeji yako Muhidini akukabidhi hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua. Usimkasirikie. Yeye ni kaka wa mkeo, na kazi hii ameifanya kwa heshima yako kuliko unavyostahili.

Nianze na Janeth, maana ndiye chanzo cha yote. Tulipomzika dada yetu Edna, siku ya kumaliza matanga tulikaa uani kwa mama pale Kwamndolwa kuamua mwanawe ataishi na nani. Baba yake Janeth hajulikani aliko tangu mtoto anatambaa. Mimi nikasema nimchukue. Ukasimama wewe, ukasema Yusta hana mume, Yusta anafanya kazi ya zamu, leo mchana kesho usiku, mtoto wa kike atabaki na nani ndani. Watu wakaitikia. Ukaongeza kwamba kwa wakwe zako Wazigua, watoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba ni mama wa kiume, na kwamba hutakubali damu ya Edna ilelewe na majirani. Ulisema vizuri, kaka. Mashangazi walilia. Hata mimi nililia, mjinga mimi.

Sisi ni watu wa kambi, tusidanganyane. Babu mzaa baba aliletwa pamoja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, na mila zake zilipotelea kwenye treni. Tangu hapo tunaazima za jirani tunapozihitaji: harusi tunafanya ya Kishambaa, msiba wa Kikristo, pilau ya Kiislamu. Sina ugomvi na hilo, ndivyo tulivyo. Ila siku ile uliazima mila ya mjomba, na hakuna aliyekuuliza kama umeichukua nzima. Nusu uliyoiacha nimeisikia kwa Muhidini. Anasema nyumbani kwa baba yao, mtoto wa dada akiletwa kwa mjomba yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa, na watoto wa mwenye nyumba wakinuna wanaambiwa huyu ndiye mwenyewe, ninyi wageni. Wewe ulichukua ile nusu ya mamlaka. Ile ya kupakua ukawaachia Wazigua.

Mwezi uliopita nilipata mapumziko kazini, nikapanda gari kuja Kwedizinga bila kukuarifu. Nilimbebea Janeth viatu vya shule. Ilikuwa asubuhi ya siku ya masomo, nikasema nipite kwanza kwenye mashine yako ya kusaga nikusalimie, halafu niende nyumbani nimngoje atoke darasani. Juu ya mlango nikasoma bango lako la herufi nyekundu, MASHINE YA UKOO WA SEMBOJA, nikatabasamu. Nikasema moyoni, kaka bado anaringia babu yetu mzaa mama, mnyapara Semboja, aliyevaa kofia na viatu wakati wakataji wote wako peku. Foleni ilikuwa imefika nje. Nami nikajipanga, nikitaka kukushtua. Kule ndani palikuwa na mtoto mweupe kwa unga toka utosini hadi vidole vya miguu, kajifunga kipande cha khanga puani, anapokea madebe ya watu na kuyamimina. Zamu yangu ilipofika hakuinua macho. Akaniuliza nasaga au nakoboa.

Ile sauti, kaka! Sauti ya Edna mtupu. Nikamwita jina. Alipogundua ni mimi hakunikimbilia. Alitazama kwanza mlangoni kuona kama upo, ndipo akasema shikamoo mama mdogo, akaniomba nisogee pembeni kwa sababu nyuma yangu kuna watu wanasubiri. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu cha unga, akainama kuchukua debe lililofuata. Viatu vilikuwa kwenye mfuko mkononi mwangu na sikuweza hata kuvitoa.

Nikakukuta nyumbani unakunywa chai. Wanao walikuwa shule, wote wawili, na sare zilizonyooka, na aliyezipiga pasi alfajiri namjua. Nikakuuliza Janeth anafanya nini mashineni saa hizi. Hata kikombe hukukiweka chini. Ukaniambia anajifunza kazi. Ukasema shule anakwenda siku zisizo na foleni, na kwamba msichana aliyefiwa na mama inabidi azoee mapema kwa kuwa hana wa kumtegemea. Hana wa kumtegemea! Na wewe pale kwenye kochi ulikuwa nani, pambo? Nilipopaza sauti ukasema Urusi imeniharibu, kwamba mtu akishasomeshwa ng'ambo anasahau kazi ni nini. Ukasema kazi ni heshima, na sisi wajukuu wa Semboja kazi iko kwenye damu.

Haya basi. Tuizungumze hiyo kazi, na hiyo Urusi.

Nilipokwenda Voronezh kusomea umeme, mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha tu. Mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima anayeitwa Galina, mkali, anayevaa sweta hata darasani. Siku moja mwenzetu mmoja alilalamika kwamba maneno ya Kirusi hayana mpango, hayashikiki. Galina akakasirika, akachukua chaki akachora ubaoni mti, kama sisi tunavyochora ukoo tukigombania shamba. Matawini akaandika maneno. Rabota, kazi. Rab, mtumwa. Rebyonok, mtoto. Tawi la jirani akaweka ya Wapolandi na Waukreni, robota, kazi. La Wacheki nalo robota, lakini kwao ilikuwa ile kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila ujira, na humo ndimo lilimotoka jina la mashine inayofanya kazi bila kuchoka wala kulalamika, roboti. Halafu kwenye shina akaandika neno moja fupi, orbu, ile u ya mwisho ikitamkwa kama mtu aliyekatwa pumzi. Mbele yake akaweka nyota ndogo.

Tukauliza nyota ya nini. Akasema nyota maana yake neno hili hakuna aliyelikuta limeandikwa popote. Waslavi wa kale waliolitamka hawakuwa na maandishi, walikufa wakaenda nalo. Wataalamu wamelifahamu kwa kuwapanga watoto wake, huyu ana pua hii, yule ana sikio lile, mpaka sura ya mzazi ikatokea. Maana yake kwa Waslavi hao ilikuwa mtumwa, mtu anayetumika kwenye nyumba ya wengine. Lakini Galina hakuishia hapo. Alishuka chini ya shina, kwenye mizizi, akatuonyesha ndugu wa mbali wa neno hilo. Waarmenia wanasema orb, yatima. Wagiriki wanasema orfanos, yatima. Wajerumani, hao hao waliotuletea mkonge Korogwe, wana Erbe, yaani urithi, kwa kuwa anayerithi ni aliyefiwa. Na wengi wanasema hata Arbeit yao, kazi, imetoka kwenye tumbo hilo hilo.

Umeona mpangilio wake? Neno lilianza likiwa yatima. Yatima akachukuliwa na nyumba ya watu. Kwenye nyumba ya watu akapewa ufagio, akawa mtumishi, mtumishi akawa mtumwa. Alichokuwa anafanya mtumwa kutwa kucha kikaitwa kwa jina lake, kikawa kazi. Hakuna mfalme aliyetoa amri. Hakuna aliyekaa akasema kuanzia leo yatima ni mtumwa wetu. Walikuwa watu wa kawaida tu, wanaosali, waliompokea mtoto wa ndugu yao kwa huruma, wakaona maji yanahitajika kisimani, wakamtuma huyu kwa sababu hana wa kumlalamikia.

Unajua nilifanya nini siku ile? Nilinyoosha mkono. Nikamwambia Galina, kwa Kirusi changu cha kuokoteza, kwamba kwetu Tanzania jambo hilo haliwezekani, kwa sababu kwetu yatima ni mtoto wa kila mtu. Nilisema kwa majivuno hayo! Galina akanitazama, akasema basi nina bahati. Siku hizi nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Kwetu tunasema mtoto wa kazi, tena mchana kweupe, tunamtambulisha kwa wageni hivyo hivyo, huyu ni mtoto wetu wa kazi, na hakuna anayeshtuka kusikia maneno hayo mawili yamefungwa kamba moja. Waslavi walihitaji vizazi na vizazi kumgeuza yatima kuwa kazi. Wewe umeweza kati ya matanga na msimu mmoja wa mahindi. Hongera sana, kaka.

Usije ukanijibu kwamba na wewe ulifanya kazi ukiwa mdogo. Ndiyo, ulifanya. Ulichota maji, ulichunga mbuzi wa baba, ulichapwa. Lakini ulirudi nyumbani ukanuna, ukakataa mboga, ukamwambia mama hutaki kupikiwa tembele kila siku, na mama akacheka. Janeth kwako amewahi kununa? Nimemwuliza Fatu. Anasema hajawahi kumwona akikataa chakula wala kuomba kuongezwa. Ukisikia mtoto wa umri ule hajakataa chakula hata siku moja, hujiulizi?

Nikaondoka kwako bila kuaga. Nilishukia Kwamndolwa, nikamkuta mama jikoni anachambua maharage, nikamwaga yote. Niliongea kwa hasira, namrukia mama utadhani ndiye aliyekosa. Nikamsimulia unga, kikohozi, chai yako. Katika kuropoka nikamsimulia na lile neno, sijui kwa nini, labda kwa sababu lilikuwa linanichoma njia nzima. Mama aliacha kuchambua. Akaniambia nirudie. Nikarudia: kwanza yatima, halafu mtumwa, halafu kazi. Akaniomba nirudie tena pole pole. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi na darasa letu zima hatukulifikiria. Aliuliza kama huko kwao lile neno liliwahi kurudi likawa mtoto tu, basi, bila kitu kingine.

Nikamwambia ndiyo. Rebyonok kwa Mrusi wa leo ni mtoto tu, yule anayebebwa, anayevalishwa kofia, anayenunuliwa barafu ya sukari. Hakuna mama wa Kirusi anayesikia utumwa ndani yake. Mama akasema kumbe inawezekana. Akarudi kwenye maharage yake, nami nikapanda gari nikarudi Hale kuwahi zamu yangu.

Sasa tufike kwenye huo wizi. Umewaambia watu kwamba nilikuja kwako ukiwa Chanika umefuata mkanda wa mashine, nikamchukua mtoto kwa siri, na kwamba utakwenda kwa mtendaji na ukilazimika utafika polisi. Nimekaa kimya majuma haya yote, nikiitwa mwizi na watu niliowalipia safari za hospitali, nikiulizwa na mwenzangu wa kazini, binamu yetu Salimu, mtoto nimemficha chumba gani. Nilikaa kimya kwa sababu niliombwa. Jana nimeruhusiwa kusema.

Siku ile ya mkanda mimi nilikuwa kazini hapa Hale. Aliyekuja kumtoa Janeth nyumbani kwako ni mama.

Ndiyo, mama. Mama Grasiana wako, na miguu yake hiyo iliyovimba. Kesho yake tu baada ya mimi kuondoka alivaa kitenge cha misa, akapanda gari peke yake, hakumwambia mtu. Alifika kwako akamkuta Fatu, akamwomba akamwite Janeth kutoka mashineni, na maji ya moto yawekwe. Akamwogesha mwenyewe kule nyuma, mtoto mkubwa vile, akamsugua unga mpaka masikioni, na Fatu anasema wote watatu walikuwa wanalia na hakuna aliyekuwa anajua nani ameanza. Ndipo mama akamwambia Fatu akuambie kuwa ni mimi niliyemchukua, kwa sababu yeye alihitaji muda kabla ya kuongea na wewe. Fatu alikudanganya kwa kumstahi mkwe wake. Ole wako umguse! Kama kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa anamfichia yule mtoto nyama chini ya wali, ni mkeo, na Muhidini anakutazama unavyosoma hapa.

Jana mama aliniita Kwamndolwa akaniambia alichotaka kukuambia. Ameniomba nikiandike, kwa sababu anasema mbele yako atashindwa. Kwa hiyo haya si maneno yangu ya hasira, ni yake.

Mama si binti wa Semboja. Hakuwahi kuwa. Baba yake alikuwa mkataji wa mkonge, mama yake alikufa kwa uzazi, na yule baba akafa kwa homa mama akiwa mdogo kiasi cha kutokukumbuka uso wake. Hajui walitoka mkoa gani. Hata neno moja la lugha ya wazazi wake hakubaki nalo. Siku ya kumaliza matanga watu wa kambi walikaa, kama sisi tulivyokaa, na mnyapara Semboja akasimama akasema maneno mazuri, na watu wakalia, na yeye akapewa mtoto. Alilala jikoni karibu na mafiga. Alichota maji, akasonga ugali wa wanyapara, akalea watoto wa Semboja ambao wewe unawaita wajomba. Darasani hakuingia hata siku moja. Baba yetu alipomwona alikuwa amebeba kuni, na Semboja alipopelekewa posa alikasirika kwa sababu moja tu, kwamba atabaki bila mtu wa kupika. Baada ya ndoa ndipo alipoanza kumwita binti yangu, watu walipokuwa wanasikia. Mama akaliacha jina hilo likae, ili sisi tuwe na babu.

Fikiria, kaka, kwa sababu mimi tangu jana ninafikiria. Mama anakula amesimama. Mama akiitwa na mjukuu wake anaitika abee. Kwenye shughuli za kwa Semboja hakuwahi kukaa mkekani na wanawake wenzake, alikuwa jikoni mwanzo mpaka mwisho, na sisi tukasema mama yetu ana upendo. Mama anafurahia ukoko, eti ndio mtamu. Vyote hivyo tulivikulia, tuliviona kila siku, na hatukuwahi kuvipanga tukaona sura yake. Mgeni kama Galina angetuambia katika nusu saa.

Basi hilo jina uliloliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa mashine ni jina la nyumba iliyomtumikisha mama yako. Na ndani ya mlango huo ukamweka mjukuu wake. Sijui utalifanyia nini bango hilo, na wala siji kukushika mkono. Ila mimi nisingeweza kupita chini yake.

Janeth yuko Kwamndolwa, amepata nafasi katika shule ya karibu, na kikohozi kinapungua. Asubuhi mama humkataza kushika ndoo. Wanagombana kila siku kwa ajili hiyo, maana mtoto akikaa bure anaingiwa na hofu, anaamka usiku kufagia, na mama anamrudisha kitandani. Juzi alikataa uji. Alisema una moshi, hautaki. Mama alinipigia simu kuniambia, na alikuwa na furaha utadhani mtoto amefaulu mtihani wa taifa. Ukitaka kwenda polisi nenda, kaka. Ukawaeleze kwamba umeibiwa mtoto na mama yako mzazi.

Mama anataka uje Jumamosi. Ameita ukoo, na safari hii anataka kusimama mwenyewe uani aseme alikuwa nani, halafu Janeth aulizwe yeye, kwa mdomo wake, anataka kuishi wapi. Ameomba wewe ukae karibu naye, kwa sababu wewe ndiye mzaliwa wake wa kwanza na anaogopa miguu haitamhimili.

Na hapa lazima nikuambie jambo moja, ingawa sipendi. Mama hajakukasirikia. Nimejaribu kumkasirisha, nimeshindwa. Anasema kosa ni lake, kwamba angekuambia mapema alivyolelewa, wewe usingemfanyia Janeth vile. Mimi nimemwambia ungefanya tu. Nimemwambia nakujua, ungesema pole mama, ungelia kidogo, na Jumatatu mtoto angekuwa mashineni. Amelia aliposikia hivyo, akaniambia nina roho ngumu. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Yeye anashikilia lake, mimi nashikilia langu. Sijawahi kuomba nishindwe ubishi maishani mwangu, unanijua. Huu naomba nishindwe.

Msalimie sana Fatu, mwambie namheshimu. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hajaiba mtu. Muhidini akimaliza kukutazama mpe chai, na uimimine wewe mwenyewe. Salimu anakusalimu, na mama anakuombea usiku na mchana. Janeth nilimwuliza kama ana salamu zozote kwa mjomba wake. Alifikiri kidogo, akasema hana. Sikumlazimisha.

Ni mimi mdogo wako,
Yusta.